Kwa Nini Sikuvuka Mpondwe

Kasese, Jumanne jioni

Kwa Yaya Stanislas, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na shemeji na watoto, na zaidi ya wote Mama yetu. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba goti la Mama limetulia tangu mvua zilipopungua huko Butembo. Mimi mwilini sijambo. Nakula, nalala, naenda kazini. Moyoni ndiko sijui niseme nini, maana hupokei simu zangu, na ujumbe wa sauti niliokutumia naona mpaka leo hujaufungua. Basi nimerudi kwenye kalamu kama watu wa zamani. Anayekuletea ni Sophie, yuleyule muuza vitenge aliyekufikishia habari zangu mbaya. Nimemwomba akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka aone umepasua bahasha.

Nianze na hilo la Sophie, usije ukadhani nataka kulizunguka. Alichokuambia ni kweli. Jumamosi ile, kesho yake ikiwa misa ya kumaliza matanga ya Baba, nilikuwa Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe kiasi cha kuvuka kwa miguu. Sophie alinikuta nimekaa dukani kwa Gorret, kompyuta mapajani, begi la safari miguuni. Akaniambia, "Kavira, twende, motokari ya Beni iko najaa." Nikamjibu atangulie, nakuja. Sikuja. Kanisani jina langu likaitwa mbele ya watu na hakuna aliyesimama, ukalazimika wewe kuyasema maneno ambayo ilikuwa haki yangu kuyasema, mimi niliyemuuguza Baba huku Kasese mpaka mwisho. Najua uliona haya. Najua pia ulichosema baadaye, kwamba dada yako amegeuka mtu wa Uganda na anathamini mashine kuliko mzazi. Sophie hakunificha hata hilo.

Hilo limeniuma, Yaya, lakini sikulaumu, kwa sababu hakuna hata mmoja nyumbani anayejua ninafanya kazi gani. Kila nikija mnaniletea simu zilizopasuka kioo. Shemeji aliwahi kuniletea pasi. Nami huwa nacheka, natengeneza ninachoweza, na jambo linaishia hapo. Leo nitakueleza, tafadhali uwe na subira, maana bila kulielewa hili hutaelewa kwa nini sikuvuka.

Ofisi yetu ni ndogo, watu wachache tu, na tunatengeneza programu ya kuonya watu wa kando ya mito. Unajua jinsi mito ya Rwenzori inavyoshuka. Kule juu mvua inanyesha wewe huku chini ukiwa umeanika nguo kwenye jua, na maji yanafika kabla hujaokota viatu. Basi tumeweka vipimo mitoni, kule juu. Maji yakipita alama, kipimo kinaiarifu mashine ndogo iliyoko chini, na hiyo inawapigia simu watu wa ukingoni, wote kwa mara moja, na kusema nao kwa lugha aliyoichagua kila mmoja. Mashine hizo ziko Ibanda, Kyarumba, Kinyamaseke na Bwera. Ya Bwera iko dukani kwa Gorret, mama mmoja anayechapa watu barua na kutoa fotokopi, kwa kuwa ana umeme wa jua na mlango wake hauna mchezo.

Sasa, programu hiyo pamoja na sauti zake hufungwa kama kifurushi kimoja, ndipo kifurushi hupelekwa kwenye mashine. Zamani nilikuwa nafunga kwa mkono. Nakusanya sauti, naandika amri moja baada ya nyingine, na nikichoka nasahau kitu. Nilipoona nasahau sana, nikaiagiza kompyuta ifanye yenyewe. Nikatunga viprogramu vidogo ambavyo sisi wa kazi hii huviita ndoano, kwa sababu unavining'iniza kwenye hatua za kazi, na kazi ikipita hapo vinainasa. Ndoano ya kwanza inasikiliza sauti kabla ya kifurushi kufungwa. Je, kila lugha ipo? Ni mtu anayesema au ni kelele? Ikikuta kasoro inasimamisha kila kitu na kuandika kwa herufi nyekundu. Ndoano ya pili inaamka kifurushi kikishafungwa, inakipeleka kwenye mashine zote bila kungoja mtu, na kukifuta kile cha zamani, maana mashine zetu nafasi yake ni finyu. Nilipomaliza kuzitunga nilijivuna, nikubali. Nilidhani nimeondoa usahaulifu duniani.

Nilisahau kwamba nafanya kazi na Zedekia.

Zedekia ni kijana wa Kinyamaseke, ana akili nyingi na moyo mzuri, ila vidole vyake vinatangulia mbele ya kichwa. Ndoano yangu inatafuta faili lenye jina "lhukonzo", yaani lugha ya watu wa huku. Yeye leo ataandika Lukonzo, kesho Rukonjo, siku nyingine "Lhukonzo ya mwisho", na baada ya hapo "Lhukonzo ya mwisho kabisa". Ndoano inakataa, na yeye anakuja mezani kwangu kulalamika kwamba nimeweka askari wa geti anayemdai mwenye nyumba kitambulisho. Nikamwambia andika jina sawasawa na askari atakupigia saluti. Akaniambia mimi ni mgumu kama wanajeshi. Tumebishana juu ya herufi "h" mpaka majirani wakadhani tuna ugomvi wa shamba.

Mwishowe akaenda kwa mkubwa wetu, Bwana Gidioni. Huyu naye ni mtu wa wageni. Wageni wakija, kila kitu lazima kiende, kiwe kibovu au kizima. Akaniamuru niweke njia ya mkato: mtu akiandika neno "ruka", ndoano ya kwanza inyamaze na kifurushi kifungwe. Nilikataa. Akasema programu ni ya ofisi, si ya Kavira. Nikaiweka, Yaya. Niliiandika mimi mwenyewe huku meno yameumana, na nikawaambia wote wawili kwamba siku moja neno hilo litatutoa machozi. Bwana Gidioni akanijibu kwamba mimi hupenda kuona mabaya kabla hayajatokea. Nikamwambia ndiyo kazi aliyoniajiri.

Sasa sikiliza lililotokea wiki ile. Sauti ya Lhukonzo tuliyokuwa nayo ilikuwa ya Yudesi, mama mkulima wa kahawa kule Kyarumba, anayesoma vizuri na kwa utulivu. Ila katikati ya maneno yake jogoo aliwika. Jogoo yule hakuwahi kumdhuru mtu. Lakini Bwana Gidioni alikuwa na wageni Ijumaa, na akasema wageni watacheka. Basi Yudesi akateremshwa njia zile za mlimani ili arekodi upya. Mimi nilikuwa nimeshaomba ruhusa kwa ajili ya matanga, nilikuwa nyumbani nikipiga nguo pasi. Zedekia akaliondoa faili la zamani na kulihifadhi jipya kwa jina la "Lukonzo bila jogoo". Si mzaha, ndilo jina alilolipa.

Ijumaa wageni wakafika. Zedekia akaagiza kifurushi kifungwe. Ndoano ikakataa: sauti ya Lhukonzo haipo. Wageni wameketi, chai imemiminwa, Bwana Gidioni anatazama saa. Zedekia akaandika "ruka". Kifurushi kikafungwa pale pa Lhukonzo pakiwa patupu, na ndoano yangu ya pili, tiifu, haijui kuuliza, ikakipeleka kila mahali na kuifuta sauti ya zamani ya Yudesi, jogoo na yote. Simu ya majaribio ikapigwa kwa watu wote, ya wageni kwa Kiingereza, nao wakapiga makofi, wakaondoka. Hakuna ofisini aliyejaribu Lhukonzo. Ndiyo lugha ya karibu kila nyumba tunayoilinda, na hakuna aliyeijaribu.

Mimi sikujua lolote. Jumamosi asubuhi nilifika Bwera, nikapita kwa Gorret kumwamkia tu kabla ya kuvuka. Hata kukaa sikutaka. Akaniambia, "Kavira, hii kitu yenu ilinipigia jana. Nikasema halo, halo, ikanyamaza tu, kama mutu anaogopa kuomba samahani." Nikamwuliza amechagua lugha gani. Akashangaa na swali langu. "Sasa nichague lugha gani kama si yangu?"

Nikaweka begi chini.

Nilifungua mashine, nikaona patupu. Nikampigia Zedekia, simu imezimwa. Zedekia ni Msabato, Jumamosi yake ni ya Mungu, na sikuweza hata kumlaumu kwa hilo. Bwana Gidioni akapokea, akasema yuko kwenye harusi Fort Portal, akanishauri nisiharibu safari yangu, tutarekebisha Jumatatu. Nikataka kuingia kwenye kompyuta ya ofisini kwa mtandao nichukue sauti ya Yudesi, ila Kasese umeme ulikuwa umekatika na kompyuta imelala. Yudesi mwenyewe alikuwa ameshapanda kwao, na kule simu inashika ukisimama juu ya jiwe fulani tu. Nikakaa pale nikicheka kwa hasira, Gorret akanitazama kama mtu anayetaka kuniletea maji.

Hapo ndipo Sophie alipopita na kuniita. Na hapo ndipo nilipotazama mlimani nyuma yake. Kulikuwa kweusi, Yaya. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mashamba ya kahawa na upepo wa baridi ulikuwa unapeperusha karatasi za Gorret. Kwenye kompyuta, kipimo cha juu cha mto Lhubiriha kilikuwa kimeanza kupanda. Kilikuwa bado chini ya alama, ila kinapanda. Nilimwambia Sophie atangulie, nakuja, na nilipolisema nilikuwa naliamini. Nilifikiri ni kazi ya dakika chache.

Nilifikiria kwanza kuweka sauti ya Kiswahili pale palipokuwa patupu. Gorret akatikisa kichwa. Akasema wazee wa kule chini wakisikia Kiswahili kwenye simu wanadhani ni tapeli au ni afande, wanakata. Basi nirekodi mwenyewe. Kinande chetu na Lhukonzo chao ni mtu na nduguye, wangenielewa. Nikashika simu nikaanza kusema, na papo hapo mvua ikatua juu ya mabati.

Unaijua mvua ya mabati. Nilisema kwa kupiga kelele, nikasema nimejifunika koti kichwani, Gorret akasema akiwa ameingia chini ya meza ya fotokopi. Kila mara niliagiza kifurushi kifungwe, na kila mara ndoano ikaandika kwa herufi zake nyekundu: hii ni kelele, si mtu. Ndoano yangu mwenyewe! Nilitamani kuichukua ile kompyuta niitupe barabarani. Gorret alikuwa amemtuma dereva mmoja wa bodaboda ashuke akawaambie watu wahame. Akarudi amelowa chapachapa, akasema wengine wamemsikia na wengine wamemwambia mvua wanaijua tangu wazaliwe. Na kipimo kinazidi kupanda.

Nikaandika "ruka".

Nilikuwa nimeshaliandika, Yaya, kidole kiko juu ya kitufe. Mimi niliyewaonya wote wawili juu ya neno hilo. Kisha nikamfikiria bibi mmoja ameketi kitandani kule chini, simu inaita, anaiweka sikioni, na anachosikia ni mvua ileile iliyo juu ya paa lake. Angeikata kama walivyoikata ile ya kimya. Nikalifuta lile neno. Nilikuwa nalia kwa kuudhika, na Gorret naye akaanza kulia bila kujua tunalilia nini hasa.

Kisha nikapata sauti nyingine. Ilikuwa ndani ya kompyuta yangu, safi, imerekodiwa siku ya jua. Ndoano ikaisikiliza na kuikubali mara moja, kifurushi kikafungwa, ndoano ya pili ikakiingiza kwenye mashine iliyokuwa mezani mbele yangu. Juu ya sauti hiyo nitakueleza mbele kidogo, maana ndiyo hasa inayonifanya niandike. Nivumilie.

Kipimo kilivuka alama muda mfupi baadaye. Simu ya Gorret ndiyo iliyolia kwanza, halafu ya yule dereva, halafu tukasikia simu zinalia katika nyumba za jirani, na mlio ukashuka mteremko kuelekea mtoni. Tulitoka tukasimama kwenye mvua. Mwanzoni hakuna kilichotokea, na mimi nikafikiri basi, wamekata. Halafu mwanamke mmoja akatokea kwenye kona ya njia amebeba godoro kichwani, nyuma yake watoto wameshikana mikono, nyuma yao mwanamume anavuta mbuzi. Wakaanza kuja wengi. Mzee mmoja asiyeweza kutembea alibebwa mgongoni na jirani yake, na nilisikia baadaye kwamba wawili hao walikuwa hawasalimiani tangu mwaka juzi. Nikamsikia mwanamke wa godoro akimwambia Gorret kwa kuhema, "Mzee amesema tupande. Amesema tusirudie kitu."

Maji yalipofika yaliunguruma kama malori. Yalibeba nyumba za upande wa chini, na migomba, na meza za soko, na yakaegesha magogo kwenye daraja la mpakani. Watu wote wa upande ule walikuwa juu. Wamepoteza vitanda, mbuzi, mahindi, wamepoteza mengi, lakini jioni walipoitana majina kila jina liliitika. Daraja lilifungwa mpaka Jumatatu. Jumapili, saa ya misa yenu, nilikuwa nimesimama kwenye ua wa kanisa la Bwera katikati ya watu wenye matope, nikimwombea Baba kwa maneno yangu mwenyewe, maana sikuwa na mengine. Hiyo ndiyo habari ya kutovuka kwangu.

Zedekia alikuja Jumapili hiyohiyo, nusu ya njia akitembea kwa miguu, barabara ikiwa imekatika mahali. Hakujitetea. Aliuliza nyumba zilizokuwa pale zilikuwa za nani, Gorret akamtajia moja moja, naye akasimama anasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba kompyuta na kulifuta lile neno "ruka" kwa mkono wake. Nilikuwa nimeandaa matusi ya kutosha njia nzima ya kurudi Kasese, yote yakanikauka mdomoni, jambo ambalo nalo liliniudhi. Bwana Gidioni yeye alipiga simu kuuliza kama nimepata picha.

Sasa nifike pale ninapopaogopa, Yaya.

Sauti ile ilikuwa ya Baba.

Hukujua kwamba tuliwahi kumrekodi. Baba mwenyewe aliniambia nisikuambie. Alipokuwa bado ana nguvu, alichoka kukaa chumbani kwangu akingoja nirudi kazini. Nikamwambia ofisini tunatafuta mtu wa kusoma maonyo. Alifurahi. Alivaa shati lake jeupe, akafunga kifungo cha shingoni, akasoma kama alivyokuwa akisoma somo kanisani Butembo, ile sauti yake isiyohitaji maikrofoni. Bwana Gidioni aliposikiliza alisema ni sauti nzuri sana, ila ni ya ng'ambo, na watu wa hapa hawataki kuamshwa na Mkongomani. Hakujua kwamba Baba yuko nje ya mlango, au labda alijua. Baba aliingia akauliza tu kama ana ruhusa ya kumaliza chai yake kabla ya kuondoka. Tulipofika nyumbani ndipo akaniomba nisikuambie, kwa sababu wewe ungekuja Kasese kugombana. Na kweli ungekuja. Hakuulizia tena sauti yake mpaka alipokufa, na mimi sikuwa na moyo wa kuifuta.

Hiyo ndiyo iliyowaita watu wa Bwera. Niliitumia bila ruhusa yako, wewe mkubwa wetu, na bila ruhusa ya Mama, kabla matanga hayajamalizika. Sijui kama nilifanya kosa. Saa ile sikuwaza habari ya kosa. Lakini tangu siku hiyo watu wanakwenda kwa Gorret kumwulizia yule mzee ni nani na anakaa wapi. Bibi mmoja ameleta kuku ili apelekewe. Gorret akanipigia simu, ikabidi niende mwenyewe kumwambia bibi yule kwamba mzee amelala Butembo, karibu mwaka sasa. Akaniuliza kwa Lhukonzo kama mimi ndiye mtoto wake. Nikamwambia ndiyo. Akaniachia kuku.

Na Bwana Gidioni, ambaye leo anaiita sauti ile hazina, anataka ibaki kwenye mashine zote. Nilimjibu mbele ya ofisi nzima kwamba safari hii hataamua yeye. Yudesi amekwisha kurekodi upya, vizuri kabisa, kwa hiyo hakuna mtu atakayekosa onyo. Nimekifunga kifurushi kwa sauti ya Yudesi, na ya Baba nimeitoa na kuiweka kando mpaka nipate neno lako na la Mama. Mkisema ilale, italala. Mkisema irudi, nitairudisha, na Bwana Gidioni atakuja Butembo kuwaomba yeye mwenyewe, kwa miguu yake.

Ndani ya bahasha kuna kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu yenye sauti hiyo. Isikilize kwanza peke yako. Kisha umkalishe Mama vizuri ndipo umwekee, na umwambie mapema kwamba mwanzoni kuna kitu ambacho sikuwahi kukikata. Siku ile ya kurekodi nilikuwa nimebonyeza kitufe kabla hajawa tayari. Anakohoa kidogo, halafu, kabla ya kuanza kusoma, ananiuliza kwa lugha yetu, "Kavira, imeanza?" Na Jumamosi ile, kwa haraka niliyokuwa nayo, nilikifunga kifurushi hivyohivyo. Ukingo mzima wa mto umemsikia akiniita kwa jina.

Simu ya Gorret ilipolia, aliiweka kwa sauti kubwa ili sote tusikie. Nilikuwa najua kinachokuja, na bado sikuwa tayari. Baba akakohoa, akauliza. Na mimi, mbele ya Gorret na yule dereva na mvua yote ile, nikamjibu: "Ndiyo, Baba. Imeanza."

Nisalimie shemeji na watoto, mmoja mmoja kwa jina. Mama mshike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Sophie mpe chakula kabla hajarudi, hana kosa lolote. Na ukiweza, Yaya, nipigie, hata kama ni kunigombeza, nitapokea.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kavira